Ndoano Yenye Uzi wa Kijani

Nauza vifaa vya kuvulia samaki kwenye kibanda changu pale Anfushi, ng'ambo ya barabara ya pwani, na kazi hii imenifunza jambo moja: samaki hajali umevaa nini. Wateja wangu hawataki kulisikia, nami siwaambii, maana kutolijua kwao ndiko kunakonilisha. Katika wateja wote hao hakuna aliyenilisha vizuri kama Bwana Wagdi.

Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa tiketi katika tramu za Aleksandria. Watu wa rika langu wanamkumbuka vizuri, mrefu, masharubu yamenyooka, vifungo vyote vimefungwa hata wakati wa joto. Akikukamata huna tiketi hakupigi kelele. Anainama kidogo na kukuuliza kwa upole, "Hukumwona mkata tiketi, mwanangu, au yeye ndiye hakukuona?" Behewa zima linacheka, nawe unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Hakuwahi kupokea chai ya mtu. Hilo hata maadui zake walikubali, na alikuwa nao wengi, kwa sababu mji wetu umejaa watu wanaopenda kupanda bure.

Alipostaafu akahamishia ukaguzi nyumbani. Akakagua sukari, akakagua vitunguu vinavyokatwa, akasimama mlangoni kuuliza nani aliacha taa ya choo inawaka. Mkewe, Ikram, alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akamwambia, "Baba Nihadi, nenda baharini kabla sijakushusha kituo kijacho."

Basi akaja kwangu. Nilimuuzia fimbo nyeusi ya kukunja, nyepesi kama unyoya, yenye pete za kupitishia mshipi zinazong'aa kama dhahabu. Nilimuuzia gurudumu la kukunjia mshipi, lililokuwa likilia kama chiriku likizungushwa. Akachukua na sanduku lenye droo za ndoano za kila ukubwa, chubwi za risasi kwenye kifuko chake, wavu wenye mpini mrefu, kiti cha kukunja, koti lenye mifuko isiyo na idadi, na kikengele cha kufunga kwenye ncha ya fimbo ili samaki akigusa kilie. Alikosa nyambizi tu. Alipotokea juu ya mawe ya zege yanayozuia mawimbi, ambako wavuvi wetu wa kujifurahisha hukaa, walisimama wote kumwamkia wakidhani ni mtu wa serikali.

Tatizo lilikuwa samaki. Hawakuja. Kikengele kililia kwa upepo, kililia kwa magugu ya bahari, siku moja kililia kwa kiatu. Samaki mkubwa kuliko wote aliyewahi kumpeleka nyumbani alilala kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Ikram akawa na desturi ya kumuuliza kila anapofunga vifungo vya koti lile, "Nitoe nyama kwenye friji, au leo tunangoja bahari?" Alisema kwa mapenzi, lakini mapenzi nayo yana sindano. Bwana Wagdi alikuwa akicheka naye, huku masharubu yakitetemeka.

Jirani yake pale maweni alikuwa Fundi Bayumi, mshona magodoro na makochi. Usidhani alikuwa mtu wa hekima. Bayumi ni mropokaji, mdomo wake haujui mlango. Ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri utaisikia kwa muuza maharage. Tena ni bahili wa chambo, anakata kamba mmoja wa baharini vipande ambavyo hata samaki huviona ni dharau. Alivulia mwanzi aliokata mwenyewe na kuupaka mafuta ya kitani, hauna gurudumu, mshipi umefungwa nchani na kiboya cha kizibo. Ndoano zake aliziweka kwenye kopo la halua, na kila moja aliifunga kwa uzi wa kijani uliobaki kwenye kochi la harusi ya mtu, bunda zima ambalo mpaka leo halijaisha. Na samaki walimjia. Sijui kwa nini. Nimekwambia samaki hawajali.

Pale maweni pana sheria moja tu. Ikiadhiniwa, watu huenda kuswali kwa zamu kwenye msikiti mdogo wa ng'ambo, na aliyebaki hulinda mishipi ya waliokwenda. Samaki akila, mlinzi anamvuta, anamtia ndoo ya mwenye ndoano, anatia chambo kingine na kurudisha mshipi majini. Samaki ni wa ndoano, si wa mkono. Kwa hiyo hakuna mtu anayekunja mshipi wake akienda kuswali. Kuukunja ni sawa na kuhesabu vijiko mbele ya mgeni aliyekuja kula kwako.

Hakuna aliyeipenda sheria hiyo kama Bwana Wagdi. Kijana mmoja alipotania kwamba mlinzi angestahili hata mkia, alimjibu, "Huo mkia una tiketi ya nani?" Tulicheka, na kijana hakurudia tena.

Sasa, siku ile ilikuwa baada ya dhoruba ya Qasim, ile inayotujia kila mwanzo wa Desemba. Bahari ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, baridi inapenya mifupa, na maweni tulikuwa wachache. Hizo ndizo siku karus hukaribia mawe, samaki yule wa fedha mwenye mdomo mpana, ambaye mvuvi wa kujifurahisha humsimulia zaidi ya anavyomvua. Alasiri ikaadhiniwa. Nilifunga kibanda, nikaenda na Bayumi na wenzetu wawili. Bwana Wagdi akabaki zamu. Baada ya sala likaletwa jeneza, tukabaki kumswalia maiti, na imamu alikuwa mtu wa dua ndefu.

Yaliyotokea nje nimeyapata baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe na cha Shalabi, muuza viazi vitamu vya kuchoma.

Kiboya cha Bayumi kilizama. Hakikuchezacheza, kilizama moja kwa moja. Bwana Wagdi akaurukia mwanzi, ukapinda mpaka akadhani utavunjika, akavutana nao huku kofia imemdondoka na viatu vinateleza. Barabarani walikuwa wakipita maharusi na mpiga picha wao, nao wakasimama. Shalabi naye akaacha mkokoteni wake. Alipomtia karus kwenye wavu na kumpandisha, anang'aa, mrefu kama mkono wa mtu mzima, watu wakapiga makofi. Bibi harusi akapiga kigelegele.

"Mashaallah, mzee!" akasema bwana harusi. "Umemvua mwenyewe huyu?"

Na Bwana Wagdi akasema, "Ndiyo."

Neno moja. Ungeweza kulitetea mahakamani, maana mkono ulikuwa wake. Maharusi wakaomba wapige picha na samaki, wakampa na yeye nafasi katikati. Wakati wote huo ndoo mbili zilikuwa pale chini, yake na ya Bayumi, na watu wanamtazama. Akamtia kwenye yake. Aliniambia kwamba wakati huo alikuwa na nia ya kumhamisha watakapoondoka. Namwamini. Watu wengi wana nia ya kununua tiketi kituo kinachofuata.

Lakini Shalabi alikwishaondoka na mkokoteni, na njia yake inapita chini ya roshani ya Ikram. Alimwita kwa sauti ya kuuzia viazi, "Mama Nihadi! Teremsha kikapu uchukue viazi, leo una samaki! Mzee ameangusha karus kama mtoto wa mwaka!" Punde simu ya Bwana Wagdi ikalia.

"Baba Nihadi, kweli?"

Aliniambia sauti ile hakuisikia tangu walipokuwa wachumba. Alimtazama samaki, akautazama mlango wa msikiti.

"Kweli," akasema.

Ndoano ilikuwa imemezwa mpaka kooni, haikutoka. Akakata mshipi wa Bayumi, akafungua sanduku lake, akachukua ndoano yake inayong'aa, ya dukani kwangu, akaifunga, akatia chambo, akautupa majini. Kisha akakusanya vitu vyake vyote na kwenda zake, mishipi yetu akaiacha bila mlinzi. Hilo hakuwahi kulifanya. Tulipotoka tukadhani baridi imemzidi. Bayumi aliuvuta mshipi wake, akaitazama ncha, akabaki ameitazama. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mgongo unamuuma. Bayumi, ambaye kiboya kikipinduka tu huutangazia mji! Ningepaswa kushtuka hapo hapo.

Ikram alipanga karamu hata kabla ya kumwosha samaki. "Kesho Ijumaa tunamwita Fundi Bayumi na jirani yetu wa duka la ndoano na mkewe," akasema. "Hao ndio waliokuvumilia."

"Samaki mwenyewe mdogo, Mama Nihadi."

"Mdogo? Mkia umegoma kuingia kwenye friji!"

"Fundi ana mgongo."

"Atakula kwa mgongo? Nimeshampigia, amekubali."

Tukaenda baada ya sala ya Ijumaa. Samaki alikuwa ametoka kwenye tanuri la mtaani mzimamzima, ngozi imepakwa pumba za ngano na kuungua mpaka imekuwa nyeusi, ndani mweupe kama pamba. Palikuwa na wali wa vitunguu vya kukaanga, mchuzi wa ufuta na ndimu. Ikram alivaa gauni zuri. Nimemjua mama yule miaka mingi, na sikuwahi kumwona akimtazama mumewe vile, kama mtu aliyemdharau mwenzake kwa muda mrefu na sasa anataka kumlipa yote kwa siku moja.

"Wasimulie, Wagdi," akasema. "Wasimulie kofia ilivyoanguka."

Akasimulia. Alisimulia huku anatazama wali, jasho linamtoka wakati wa baridi, na kila alipofika kwenye mwanzi alisema "fimbo". Bayumi alitafuna majani ya jirgiri taratibu bila kumkatiza. Mimi nilidhani ni adabu.

Kichwa cha samaki akapewa Bayumi. Mtaa mzima unajua anavyopenda vichwa. Alikivunja, akanyonya shavu, akaingiza kidole kooni kutafuta ile nyama laini. Kidole kikasita. Akatoa kitu polepole, akakishusha chini ya ukingo wa meza. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Niliona chuma kilichopinda, na shingoni mwake uzi wa kijani, umekuwa mweusi kidogo kwa moto lakini ni ule ule wa kochi la harusi.

Bwana Wagdi naye aliuona.

"Mwiba, Fundi?" akauliza Ikram.

"Mwiba, mama," akasema Bayumi. "Mdogo tu. Mikono yako idumu."

Akaufunga ule mwiba kwenye leso, akautia mfukoni, akaendelea kula. Nimeona watu wakidhalilika sokoni, wakitukanwa, wakipigwa, lakini sijaona uso kama wa Bwana Wagdi mchana ule, kwa sababu hakuna aliyemgusa. Laiti Bayumi angepiga meza! Laiti angeropoka, kama alivyoropoka maisha yake yote! Alinywa chai, akaomba kuongezewa sukari, akambusu Bwana Wagdi mashavu mawili na kuondoka.

Kesho yake tulikuwa maweni sote. Wagdi alikuja, nadhani kwa sababu kutokuja kungekuwa kukiri. Alasiri ikaadhiniwa, na zamu ya kulinda ilikuwa yake. Wengine tukainuka tukaacha mishipi. Bayumi akauvuta mwanzi wake. Akauzungushia mshipi, mzunguko kwa mzunguko, bila haraka, akaichomeka ndoano kwenye kizibo, akaulaza juu ya jiwe.

"Vipi, Fundi, unaondoka?" akauliza mmoja wetu.

"Naenda kuswali," akasema.

Kila mtu pale alijua maana ya kukunja mshipi, ila wenzangu hawakujua sababu, na macho yote yakamwendea aliyebaki. Masikio ya Bwana Wagdi yalikuwa mekundu kama nyanya. Ikawa hivyo siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Mshindo wa Bayumi ulikuwa huo wa kuzungusha mshipi kwenye mwanzi, na haukusikika popote isipokuwa kifuani mwa mtu mmoja.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, maana ilikuwa nzuri. Ikram hakumtania tena. Alimfunga vifungo vya koti mwenyewe. Ile picha ya maharusi ilizunguka mpaka ikamfikia, akaitundika sebuleni, na kila mgeni aliyekuja alisimamishwa mbele yake. Wagdi akaanza kunywa chai yake jikoni, amegeuzia sebule kisogo. Alikuja kibandani kwangu, akashika hiki, akaweka kile, hakununua kitu. "Unajua, sivyo?" akaniuliza. Nikamwambia najua. "Basi mbona husemi?" Nikamwambia samaki si wangu.

Kisha ikafika zamu yake ya kuswali na Bayumi kulinda. Wagdi aliuacha mshipi wake majini. Angeukunja kwa uso gani? Aliporudi alikuta ndani ya ndoo yake samaki mwenye mistari myeusi, wa kadiri, bado anapiga mkia. Chambo kipya kilikuwa kimetiwa na mshipi umerudi majini. Mwanzi wake mwenyewe Bayumi alikuwa ameulaza mkavu, pasiwe na shaka samaki ni wa nani.

"Ndoano yako ilinasa," akasema Bayumi bila kugeuka.

Bwana Wagdi aliitazama ndoo ile. Kisha akavua kofia. Alisimama wima, kama alivyokuwa akisimama katikati ya behewa, akapaza sauti tukamsikia sote, hata mimi niliyekuwa mlangoni kwangu ng'ambo ya barabara.

"Sikilizeni! Yule karus wa baada ya Qasim alikuwa wa Fundi Bayumi. Nilimvuta kwa mwanzi wake, nikamtia ndoo yangu, nikampelekea mke wangu, nikajisifu. Nimewashusha watu kwenye tramu umri wangu wote, na mimi ndiye niliyepanda bila tiketi."

Tukatazama miguu yetu. Kumwona mtu mzima akijivua nguo mbele za watu ni aibu kwa anayetazama pia.

"Najua," akasema Bayumi. "Si nilikula kichwa chake?"

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Bayumi akafungua kopo lake la halua, akapekuapekua, akatoa ndoano inayong'aa na kumwekea Wagdi kiganjani. "Na hii yako. Nilikuwa nakutunzia. Ndoano gani hiyo, Mkaguzi? Haikunipa hata dagaa."

Alasiri ile ile akaenda akamwambia mkewe. Ikram hakumgombeza. Alikaa kitako, akajifunika uso kwa kitambaa, akasema, "Na mimi ndiye niliyempakulia kichwa kwa mkono wangu." Kisha akainuka, akaishusha picha ukutani. Mke wangu ananiambia alilia kwa ajili ya gauni lile zuri alilolivaa, na kwamba kwa siku nyingi hakuweza kutokea roshanini Shalabi akipita.

Siku ya pili baridi ilikuwa imepungua. Wagdi alikuja na fimbo tu, bila sanduku, bila kikengele, bila koti la mifuko. Nilifikiri angekaa mbali, lakini alikaa mahali pake. Ikaadhiniwa, zamu yake kulinda. Bayumi akainuka akaushika mwanzi, na sote tukajifanya tunatafuta viatu. Akauinua kidogo, akautazama mshipi. Akauchomeka tena kwenye ufa wa jiwe, kiboya kikabaki kinaelea.

"Tazama kizibo changu," akasema, akavuka barabara bila kugeuka.

Nilichelewa kidogo kufunga kibanda, ndiyo maana nilimwona. Alikuwa amesimama mbele ya mwanzi ule, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, hapepesi macho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Baadaye nilimuuliza alikuwa anasoma nini. Akaniambia kwamba alikuwa anamwomba Mungu samaki asije.